Moja Iliyosomeka Saba

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kunakili. Nilikuwa karani katika ofisi ya serikali hapa kisiwani, na nilipewa madaftari ya zamani ya leseni za bunduki niyaingize kwenye kompyuta: jina la mwenye leseni, mtaa wake, aina ya bunduki, nambari iliyochongwa kwenye chuma. Kurasa zilikuwa zimeliwa na mchwa pembeni na wino umepauka kwa unyevu. Wengi wa waliomo walikuwa wamekufa au wamehama. Pale ambapo hapakuandikwa kwamba bunduki imerudishwa, mkuu wangu aliagiza tuandike "iko kwa mwenyewe", kwa sababu kompyuta haikukubali nafasi tupu. Niliyaandika maneno hayo mara nyingi hata nikaacha kufikiria maana yake.

Asubuhi moja alikuja mama mmoja wa Kihindi, Muislamu, mjane mwenye duka la vitambaa karibu na soko la Marikiti. Alinitolea salamu, akaniuliza hali ya nyumbani, ndipo akaketi akanieleza shida yake. Marehemu mumewe alikuwa na bunduki ya marisawa, ya kuwindia, aliyoirithi kwa babake. Alipoanza kuugua aliipeleka serikalini mwenyewe, na mkewe alifuatana naye. Baada ya mazishi, maafisa walikuja nyumbani kwake Mji wa Kale wakiitaka. Aliwaeleza, wakaondoka. Wakaja tena. Mara ya tatu walifungua sanduku la nguo za marehemu, ambalo yeye hakuwa amethubutu kulifungua tangu atoke eda.

"Kanzu zake walizitupa kitandani moja moja," alisema. "Mpaka leo sijazikunja, mwanangu."

Alinipa stakabadhi ya siku ile. Karatasi ilikuwa imegeuka manjano na muhuri wake haukusomeka. Nikatafuta kwenye kompyuta: iko kwa mwenyewe.

Nilimpelekea mkuu wangu ile karatasi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa karibu kustaafu na alitaka kuondoka salama. Alisema stakabadhi ya namna ile yeyote anaweza kuichapisha, na kwamba sisi tunafuata rekodi. Nikamwambia yule mama arudi wiki ijayo. Alirudi. Nikamwambia arudi tena, akarudi, buibui limepigwa pasi, na kila mara alianza kwa kuniuliza watu wangu hawajambo. Hilo ndilo lililonichosha kuliko macho yaliyokuwa yakiniwasha kwa kusoma wino uliopauka. Angenigombeza, ningepata la kumjibu.

Mwishowe niliomba ruhusa nikatafute daftari la bunduki zilizorudishwa. Tulipomaliza kulinakili lilihamishiwa ghala moja huko Shimanzi, pamoja na makaratasi ya ofisi nyingine. Nilikaa humo siku mbili, nikifunua maboksi, malori yakinguruma nje hata bati likitetemeka. Siku ya pili, baada ya adhuhuri, nikalipata. Jina la marehemu lilikuwamo, na saini yake, na ya mkewe kama shahidi.

Kosa lilikuwa dogo mno. Afisa aliyeandika nambari ya bunduki alizoea kuipa moja kichwa kirefu, ikafanana na saba. Aliyeingiza kwenye kompyuta alisoma saba, na kwa kuwa kompyuta ilifuata nambari wala si jina, ikaonyesha kuwa bunduki iliyorudishwa ni ya mtu mwingine kabisa, aliyekuwa akikaa upande wa Kibarani. Mjane akabaki na bunduki asiyokuwa nayo, na yule bwana akaonekana hana ile aliyokuwa nayo.

Nilirudi ofisini kutazama ni nani aliyeingiza. Kompyuta huhifadhi jina la kila karani. Lilikuwa langu.

Nikaenda kumwambia mkuu.

"Rekebisha, lakini usiandike barua," alisema. "Ukiandika kwamba hii imekosewa, wataniuliza nyingine ziko ngapi."

"Ziko ngapi?"

"Hatujui mimi wala wewe. Ndiyo maana nakwambia usiandike."

Nikarekebisha. Maafisa walikwenda Kibarani kumtafuta yule bwana, wakakuta nyumba imebomolewa na majirani hawajui alikohamia. Hakuna aliyewahi kumuuliza habari ya bunduki yake, kwa kuwa sisi tulisema hanayo. Mpaka naondoka pale, haikujulikana iko wapi. Na orodha ya zamani ya bunduki zisizorudishwa ilikuwa imekwisha chapishwa na kusambazwa kwa maafisa, kwa hiyo nyumbani kwa yule mama walikwenda mara ya nne.

Siku niliyopata habari hiyo, baada ya alasiri, nilikwenda dukani kwake. Nilingoja amalize kumpimia mteja kitambaa, kisha nikamwambia kosa ni langu. Nilisoma moja nikaandika saba. Alikikunja kile kitambaa kilichobaki.

"Ulikuwa umechoka?" aliniuliza.

"Nilikuwa nimechoka, mama."

"Na mimi nimechoka." Hakusema amenisamehe. Alivuta kiti, akaniwekea karatasi mbele yangu. "Yaandike hayo uliyoniambia. Utie na jina lako."

Nikaandika, nikatia saini, na kesho yake nikaigonga muhuri wa ofisi bila kumuuliza mtu. Mkuu alipopata habari hakunipigia kelele. Baada ya wiki chache nilihamishiwa meza ya vyeti vya vizazi, na karani mwingine akapewa madaftari yaliyobaki. Nilimweleza habari ya moja na saba. Alinisikiliza kwa adabu huku ameshika daftari lililofunguliwa, kidole kikiwa pale alipoachia.

Mwaka jana nilipita dukani kununua kitambaa cha kanzu. Yule mama aliniambia walikuja tena, maafisa wapya. Aliwasomea barua yangu mlangoni, wakaipiga picha kwa simu, wakaomba radhi, wakaenda zao. Nikamuuliza kama walisema wataifuta ile orodha. Akasema hawakusema, naye hakuwauliza.