Siku Niliyompa Conservateur Kazi ya Mwingine

Ndugu zangu, chekeni mkitaka, mimi mwenyewe nimeshacheka hadi nimechoka, lakini masikio bado yananiwaka kila nikipita karibu na ile salle, ukumbi wa parokia yetu hapa Katuba, kwa sababu humo ndani, mbele ya watu waliovaa vizuri na kuacha shughuli zao, nilimsifu mzee wa watu kwa kazi ambayo hakuifanya hata siku moja.

Mambo yalianza vizuri. Mwanangu Serge alikuwa amempenda msichana mmoja, na babu wa huyo msichana alikuwa anatimiza miaka tisini. Wakwe (tuseme wakwe watarajiwa, maana walikuwa bado hawajatupa jibu) wakaniomba nisome maisha ya mzee siku ya sherehe, kwa kuwa nimefundisha Kifaransa miaka thelathini na watu wanasema nina mdomo. Nikaelewa kwamba wananipima: nikisema vizuri, mtoto wangu ana mke. Mama Odette, mama wa msichana na binti wa mzee, aliniambia tu nitawasemea maisha ya Conservateur, basi. Mtaa mzima walimwita hivyo, na jina lake la kubatizwa sijui nani alikuwa bado analikumbuka.

Sasa mnajua mji wetu. Hapa Lubumbashi ukitaja Conservateur, mtu anamwaza yule bwana wa ofisi ya ardhi anayetia sahihi karatasi za parsele, yaani viwanja vya watu. Na mimi nina kiparsele changu kule Kasungami ambacho karatasi yake naifuatilia tangu Serge akiwa shule ya msingi, kwa hiyo neno hilo naliota hata mchana. Ningeuliza tu, Conservateur wa nini? Lakini nikaona nikiuliza watafikiri naanza kutafuta msaada wa karatasi kabla ya ndoa. (Ukweli ni kwamba nilikuwa nautafuta. Nilitaka kuutafuta baadaye, kwa adabu.) Nikanyamaza, na hapo ndipo nilipojimaliza.

Nilikwenda kumwona mzee mara moja, alasiri ya Septemba, joto lile la kabla ya mvua ambalo hata kuku hawatembei. Alikuwa kwenye kiti chake, pazia limeshushwa, mwanga ndani umekuwa wa zambarau kwa sababu ya maua ya jacaranda ya dirishani, na alikuwa anaongea macho yamefumbwa nusu, polepole, kama anamsimulia mtu aliyeketi nyuma yangu. "Balikuwa banakuya asubuyi, mingi, banasimama mbele ya nyumba," akasema. "Moto iliunguza kwao. Miye nasema, mubakie, hapa hakuna muntu atabagusa." Halafu akatabasamu, akalala. Ukutani palikuwa na picha yake ya ujana, amevaa kofia ya jua, mkono juu ya jiwe la mpaka, nyuma yake majani matupu mpaka mwisho wa dunia. Nikakaa pale muda mrefu nikimsikiliza akipumua, na usingizi ukanichukua na mimi, nikawaona wale watu wake wametulia kwenye umande, wasio na makao, wakimwangalia bila kusema kitu. Niliamka nimempenda mzee huyo. Hotuba nikaiandika siku hiyohiyo, na machozi yalinitoka.

Siku ya sherehe nikashika micro ya kusemea. Mwanzo ulikwenda kama maji: alipima mipaka, alilinda ardhi, alitembea kwa miguu majuma mazima, na mzee alikuwa anaitikia kwa kichwa. Nikapata moto. Nikasema walimjia alfajiri, wengine na watoto wao, wengine na mimba, na aliwapokea wote bila kuuliza kabila. Vicheko vidogo vikaanza nyuma, nikadhani ni furaha. Nikasema kila mmoja alimpa parsele yake na karatasi yenye muhuri. Hapo salle ikapasuka. Mjomba mmoja akauliza kwa sauti kama hata punda milia walipewa karatasi, na Mama Odette akaninong'oneza kwamba baba yake alikuwa Conservateur wa parki, mwenzetu wa kwanza kukabidhiwa parki ya wanyama kule kaskazini baada ya Wazungu kuondoka, na kwamba wale wa alfajiri walikuwa wanyama.

Mtu mwenye akili angekaa. Mimi, jasho linanitiririka hadi ndani ya viatu, nikasema moyoni niruke mpaka mstari wa mwisho, ule mzuri, ule hauwezi kukosea, nikausoma: hakuna familia hata moja iliyolala nje kwa sababu yake.

Vicheko vikakatika. Watu wote waligeuka kumwangalia Mama Kabange, bibi mwembamba wa meza ya karibu na mlango, na yeye akaweka uma chini. Serge alikuwa ameinamisha kichwa, nikajua nimemkosesha mke.

Mzee akaomba micro. Alisimama kwa shida, Mama Odette amemshika kiwiko, na macho yake yalikuwa wazi kabisa.

"Mwalimu, banyama nilibapatia fasi," akasema. "Bantu, nilibafukuza. Mama Kabange alikuwa mutoto. Tulibomoa mugini yao, manyumba yote, juu ya ile parki ipate fasi, na balilala inje, mu mvua. Mama, sikuyaka kukuomba pardon hata siku moja. Leo naomba."

Mama Kabange alijifuta midomo, akakunja kitambaa chake, mara moja, mara mbili.

"Papa, tunasali kanisa moja myaka yote hii," akamjibu. "Nilikuwa nangoya tu. Sasa ikala, utaanguka."

Mzee akakaa, na Mama Kabange akahamia meza yake na sahani yake. Mimi nilitoka kwa mlango wa jikoni.

Juma lililofuata Mama Odette alinipigia simu. Nilianza kuomba radhi, akanikatiza: ndoa ipo, ila baba yake anataka maisha yake yaandikwe upya, na anataka niandike mimi. Kwa hiyo siku hizi kila Jumamosi naenda na daftari. Nimeapa sitamsifu tena mtu ambaye sijamuuliza maswali, na sasa nauliza mpaka mzee ananichoka, anasinzia, nangoja, anaamka akiwa bado huko kwenye majani yake, ananiambia twiga hawezi kuishi kule kwa sababu ya baridi, anasinzia tena. Juzi nikajikaza nikamuuliza kama ile siku ya kijiji niiweke ndani au niiache, maana wajukuu watasoma.

Hakufumbua macho. Akasema, "Anza nayo."