Nilimchinja kuku asiye na sura, nikabakiwa na banda zima la kuku uchi

Wakuu, assalam alaykum. Na wasioitumia salamu hiyo, hamjambo nyote.

Mimi ni bibi wa Unguja, umri wangu unawapita wengi mnaobishana humu, na nachapa mwenyewe kwa kidole kimoja, kwa hiyo nikiruka herufi mnisamehe. Haya yalinipata mimi, sikusimuliwa na mtu. Chumvi sitatia, maana hayaihitaji.

Juzi nimeona memba kaweka picha ya jogoo wa mapambo, mzuri kwelikweli, anauliza ampandishe na jike lipi apate mbegu bora. Majibu kibao, na wote mnamwambia kitu kimoja: tafuta jike zuri kama yeye, mzuri kwa mzuri.

Nikacheka peke yangu mpaka chai ikapoa. Ushauri huo niliufuata mimi zaidi ya miaka hamsini nyuma, na nikikumbuka yaliyotokea masikio yananiwaka hadi leo.

Basi kaeni vizuri.

Mwaka sitini na nne, miezi michache baada ya Mapinduzi, nilikuwa msichana wa miaka kumi na sita. Tukikaa Mji Mkongwe mimi na mama yangu, na ukuta wa uani kwetu ulishikana na wa Bi Zuwena, mjane mmoja mshona kofia.

Bi Zuwena alifuga kidimu.

Kwa wasiowajua, kidimu ni kuku ambaye manyoya yake hayalali. Kila unyoya umepinda kuelekea kichwani, ukimwona kwa mbali utadhani kavaa koti la kuazima. Wengine wakimwona wanafikiria uganga tu. Hata leo wapo wanaonijia kwa kunong'ona wakimtaka kwa kazi hizo, nawafukuza. Wangu ni wa kutazamwa.

Na wale wa Bi Zuwena walikuwa wa kutazamwa haswa. Miguu myeusi tititi, kifua kimejaa, undu wa kichwani mdogo na umekaa sawa, mikunjo imepangika toka shingoni mpaka mkiani. Watu walikuwa wakipita kwenye kichochoro chetu wanasimama.

Wakati ule watu wengi walikuwa wakihama. Bi Zuwena naye akaamua kwenda Tanga kwa mwanawe. Asubuhi ya safari akaja kwetu na tenga. Ndani mna jogoo kidimu, majike mawili kidimu, na kuku mmoja wa ajabu. Wa ajabu kwa ubaya, nasema.

Alikuwa kuku wa manyoya laini, ya kulala kama ya kuku yeyote wa mtaani, rangi ya vumbi. Akiitwa Debe, kwa sababu hatagi popote ila ndani ya debe bovu la mafuta, na debe lenyewe Bi Zuwena kalileta pia.

"Hawa ni amana," akamwambia mama. "Nikirudi ntawataka wao au kizazi chao." Halafu akanigeukia mimi. "Na huyu Debe, mwanangu, msimguse."

Hakusema kwa nini. Alikuwa na haraka ya safari, na mimi sikuuliza.

Sasa hapa lazima nijisifu kidogo, mtanivumilia. Jicho la kuku ninalo toka utotoni. Nikimshika kuku napapasa mfupa wa kidari kama umenyooka, naukunjua ubawa nione manyoya yamepangwa vipi, napima kwa vidole upana wa nyonga nijue mtagaji au mlaji tu. Wauzaji wa sokoni walikuwa wakiniona nakuja wanageuza uso. Kwa hiyo nilimpima Debe siku ile ile, nikampa sifuri.

Miaka mitatu ikapita, nikaolewa. Mume wangu Makame, Mungu amrehemu, alikuwa seremala, na kwake ni Mpendae, enzi hizo mashamba ya muhogo tu. Mama akanipa wale kuku niende nao, kwa kuwa nafasi ipo. "Lakini kumbuka si wetu," akasema.

Siku ya harusi shangazi yake Makame, Bi Kazija wa Mangapwani, akaniomba mayai ya kidimu akaatamishe kwake. Nikampa mayai saba. Yote ya Debe! Ya wale wazuri niliyabakisha, si ndio ujanja? Shikeni hapo kwenye mayai saba, tutayarudia.

Ikaja Sikukuu yangu ya kwanza kama mke wa mtu. Mchele nimeupata kwa kupanga foleni toka alfajiri. Mara hodi, mama mkwe na dada zake watatu, hawakutoa habari. Wali upo, kitoweo hakuna.

Nikaingia bandani. Niulizeni nilimtoa nani.

Makame akamwangalia kuku, akaniangalia mimi. "Huyu si wa Bi Zuwena?"

"Bi Zuwena mwenyewe hata rangi yake kashaisahau," nikamjibu. "We chinja, wageni wanangoja."

Nilijua ni amana, sitajitetea. Nikajiambia kuku ni kuku, nitamlipa mwingine, tena mzuri zaidi. Makame akachinja, nikamnyonyoa kwa mkono wangu, miguu nikaikata nikaitupa bila kuitazama. Mama mkwe alisifu mchuzi mpaka kesho yake.

Baada ya hapo nikaanza kazi ya kuboresha mbegu. Si mimi ndiye mjuzi?

Jogoo kidimu, majike kidimu. Vifaranga wakatoka, na walipoanza kuota manyoya nikaona wengi wamejikunja vizuri. Wachache wakawa laini kama Debe, wachache wakajikunja kupita kiasi, mikunjo mikali sana. Wale laini nikawafanya kitoweo wote. Wale wa mikunjo mikali nikawachagua kuwa wazazi, kwa kuwa niliona ndio kidimu waliozidi. Jogoo mzee alipokufa, nikamweka mwanawe mwenye mikunjo mikali kuliko wote.

Mnaona ninakoelekea?

Kizazi kilichofuata kilikuja na masika. Vifaranga walitoka wazima, manjano, wananona. Wiki zikasogea, manyoya yakaota, yakawa kama nyuzi zilizoungua. Ukigusa yanakatika. Mgongo uchi, shingo uchi, mbawa zimebaki vijiti. Na si mmoja wala wawili, wakuu. Banda zima!

Na wazazi wao nao, walipokomaa, wakaanza kunyonyoka vile vile.

Mvua ikinyesha wanakusanyika ukutani wanatetemeka. Kunguru wakiwaona wanashuka bila hofu. Kila asubuhi naokota maiti mbili tatu. Nilikuwa nalia, sioni haya kusema. Jirani mmoja akaja kuchungulia, akasema banda limetupiwa jicho. Makame akataka twende kwa mtu akasome. Nikamwambia asome nini, wakati laana yenyewe nimeileta kwa mkono wangu?

Maana nilianza kuelewa, na nilielewa kwa kukumbuka jambo dogo sana.

Kila jogoo alipokuwa akitoka nje kule Mji Mkongwe, Bi Zuwena akiwafunika yale majike mawili mazuri chini ya tenga. Nje anabaki Debe peke yake na jogoo. Miaka yote nilikuwa nikiona kwa juu ya ukuta, nikidhani anawalinda wazuri wasiibwe.

Kumbe yule kuku asiye na sura ndiye aliyekuwa mama wa wote. Ukimpandisha kidimu na mwenye manyoya ya kulala, mikunjo inakuja kiasi. Ukipandisha kidimu kwa kidimu, kila mara ukachagua waliozidi, unaenda kuishia uchi. Na mimi mama wa wote nilikuwa nimemla na wali wa nazi.

Kuku yeyote mwenye manyoya laini angenirudishia manyoya, hilo nalijua. Lakini asingekuwa kizazi cha wale wa Bi Zuwena, na amana ilikuwa ile damu, miguu myeusi na umbo lile. Ndipo nikakumbuka mayai saba.

Nikaenda Mangapwani. Nikamkuta Bi Kazija anakuna nazi, kuku wamejaa uani wa kila namna.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekuja kuchukua nini?" Alikuwa hapotezi muda yule.

Nikamweleza. Akacheka mpaka mbuzi ya kukunia ikainama. "Vidimu vyako vyote kicheche kala, mwanangu. Wamebaki wale wasio na maana, nao wamechanganyika na wangu. Kama unaweza kuwajua, chukua mmoja."

Hapo jicho langu likafanya kazi ya maana kwa mara ya kwanza. Sikutazama manyoya hata kidogo. Nilimwaga pumba, wakaja, nikatazama miguu. Wenye miguu myeusi walikuwa watano. Nikawashika mmoja mmoja. Wawili kidari kimepinda, nikawaacha. Mmoja nyonga nyembamba. Waliobaki wawili walifanana, mpaka mmoja alipotoka mkononi mwangu akaenda moja kwa moja kwenye chungu kilichovunjika pembeni, akaingia, akakaa.

"Huyo hutagia humo humo," Bi Kazija akasema. "Ukimtoa anagoma."

Nikamtia kwenye pakacha, nikarudi naye Mpendae nimemshika kifuani njia nzima. Nikalitoa lile debe la zamani stoo, nikampangusia.

Nikampandisha na nani? Na yule jogoo uchi, mkuu wa wale uchi wote, aliyekuwa akichekesha watoto wa mtaa mzima. Makame aliwatazama wawili wale akaniuliza kama nina wazimu. Nikamwambia ngoja.

Vifaranga tisa. Wote tisa kidimu, wakuu! Hakuna laini hata mmoja, hakuna uchi hata mmoja. Mikunjo imepangika, miguu myeusi. Nilipiga kigelegele uani peke yangu, jirani akaja mbio akidhani nimejifungua.

Mwaka sabini nikiwa na kuku wa kupendeza kuliko nilivyopewa, nasikia hodi. Bi Zuwena.

Kazeeka, lakini mgongo wima. Nikamwamkia, nikampa kiti. Hakukaa. Akaenda bandani, akawapita wale kidimu wangu wote niliojisifia, akasimama mbele ya lile debe. Ndani amelala yule kuku wa Mangapwani, rangi ya vumbi, anataga.

Akamtoa taratibu, akamshika kifuani. Akamgeuza huku na huku.

"Huyu Debe?" akaniuliza.

Wallahi nawaambia, jibu lilikuwa mdomoni. Anafanana naye kwa kila kitu, debe ni lile lile, umri wa kuku unaruhusu. Naam moja tu, na mambo yamekwisha, naye anarudi Tanga akinisifu. Makame alikuwa kasimama mlangoni na randa mkononi.



"Si Debe, Bibi," nikasema. "Debe nilimchinja. Sikukuu, kwa wageni. Huyu ni mwanawe, nimemfuata Mangapwani."

Akaendelea kumpapasa yule kuku.

"Mlimla na nini?"

"Na wali wa nazi."

"Afadhali," akasema. Halafu akaunyoosha mguu wa kushoto wa yule kuku akanionesha. "Debe wangu hakuwa na ukucha wa kidole cha nje, mguu huu. Mlango ulimbana akiwa mdogo. Huyu kucha zake zote anazo, nimeziona toka nilipoinama."

Mimi, mpima kuku! Niliishi na Debe miaka mitatu na ushei, nikamshika, nikampima, nikamnyonyoa, na ukucha ule sikuuona.

"Ungenambia ndiye," akasema Bi Zuwena, "leo ningeondoka nao wote. Nshaagiza na matenga."

Hakuchukua kuku hata mmoja. Alichukua mayai sita ya yule wa debe, akayafunga kwenye khanga yake moja moja, akaniambia waliobaki ni wangu. Nikambusu mkono, nikalia mbele yake kama mtoto, naye akaniacha nilie mpaka nikamaliza.

Basi wewe mwenye jogoo kwenye picha, jibu lako hili hapa. Jogoo wako mzuri, sibishi. Kama ni kidimu, mtafutie jike la manyoya laini kutoka ukoo huo huo wa kidimu, lenye kidari kilichonyooka na miguu mizuri, hata kama sura yake hairushiki kwenye mtandao. Usiwachinje wale laini. Na kama kuku si wako, uliza kwanza kwa nini umeambiwa usimguse.

Mpaka leo uani kwangu yumo kuku mmoja rangi ya vumbi. Wanunuzi wanakuja kupiga picha kidimu, yeye wanampiga teke apishe. Hauzwi huyo.

Wenye uzoefu karibuni mseme, wa Pemba hasa, nasikia wapo waliobaki na mbegu za zamani. Wabishi nanyi karibuni, nina kidole kimoja lakini nitawajibu wote. Ila kabla hujaandika chochote, nenda kwanza bandani, kamshike yule kuku wako usiyemjali, halafu njoo uniambie mguu wa kushoto ana kucha ngapi.