Niliuchekesha Uwanja kwa Aibu ya Bibi

Kosa ni langu. Si la mwalimu wala la wenzangu wa kikundi cha maigizo. Nasema mapema kwa sababu mimi nina mdomo, nikiachiwa nafasi nitajitetea na mtanionea huruma. Msinionee.

Niko kidato cha tatu hapa Chumbi. Shuleni najulikana kwa vichekesho. Namwiga mkuu wa shule anavyokohoa, namwiga muuza samaki wa Mohoro, namwiga hata mama yangu akiongea na simu. Na aliyenifundisha yote hayo ni bibi, mama yake mama, ambaye ndiye aliyenilea.

Kwetu bibi na mjukuu ni watani. Aliniita mke mwenzangu, kwa kuwa mjukuu wa kike ni mke wa babu. Babu amekufa siku nyingi lakini tulimgombania kila siku. Narudi shule, napiga hodi:

"Hodi mke mwenza!"

"Pita, mwizi wa waume. Umekuja kula au umekuja kurithi?"

"Nimekuja kuangalia kama bado unapumua."

"Napumua. Kaoshe sufuria."

Alikuwa anasuka mikeka. Ukindu aliuchana mwenyewe, akauchemsha na rangi, akasuka ukili mrefu kama njia, halafu akaushona ukawa mkeka. Watu walitoka Ikwiriri hadi Kibiti kuufuata. Na kila Ramadhani aliupeleka mmoja msikitini, bure. Akisuka midomo inacheza. Ungedhani anakuteta, kumbe ni uradi.

Mikeka yake yote ilikuwa na mstari mmoja mweupe katikati, usiotiwa rangi. Mnunuzi akiuliza, anajibiwa rangi iliisha. Mimi aliniambia ukweli, kwa sababu mimi ndiye aliyetaka nije kuushona baada yake.

Mstari ule ulianza kwa bibi yake yeye. Wakati wa vita vya Maji Maji alikuwa mke mchanga, huko milimani Umatumbi. Mumewe alinyweshwa ile dawa ya maji pamoja na wanaume wengine, wakaambiwa risasi za Wajerumani hazitawaingia. Ila kulikuwa na miiko. Mmojawapo, usimguse mkeo mpaka vita viishe.

Yule mume alipita nyumbani kuaga. Mkewe alikuwa anasuka mkeka. Akakaa juu ya kipande kilichokwisha, akala, akasema, "Umalize nikirudi niulalie." Akaondoka. Basi. Hakumgusa hata mkono. Lakini jirani alimwona akitoka, na yule mume alipopigwa risasi akafa, kijiji kizima kilijua sababu. Si bunduki iliyomuua. Mke ndiye aliyevunja mwiko.

Walimwimbia nyimbo za kumsuta. Wajane wenzake walimtemea mate mlangoni. Akakimbia na mtoto mgongoni na mkeka wake kichwani, akashuka hadi huku mtoni, akapokewa na Waislamu, akasilimu. Maisha yake yote hakuna aliyemwamini. Basi akawa anaacha mstari mweupe pale mumewe alipokaa. Bibi alisema, "Ni kiapo chake. Watu wanasujudu juu yake, na Mungu anakiona."

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu aliponiambia. Nililia. Kumbukeni hilo, kwamba nililia, kabla hamjasoma nilichofanya.

Mwaka jana, kwenye mahafali ya kidato cha nne, mwalimu wa Historia alitaka igizo la Maji Maji. Wenzangu walileta mashujaa na mikuki ya mabua. Nikaona tutalaza watu. Nikasema ninayo moja ya kwetu, ya kweli kabisa.

Nikaenda kumwazima bibi mkeka. Alikuwa anao mmoja ambao hajaumaliza, upande mmoja bado wazi. Huo alikuwa anajisukia mwenyewe, wa kumpeleka kaburini.

"Wa nini?"

"Igizo la vita. Nataka kumwigiza bibi yako."

Aliweka ukili chini. "Utamtaja jina?"

"Nitamtaja."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu wote, mke mwenza."

Siku ile alivaa khanga aliyoiweka tangu Idi. Alikaa mstari wa mbele na akina mama, kanyooka kama mgeni rasmi. Alidhani nakwenda kumsafisha bibi yake. Miaka zaidi ya mia, na hatimaye mtu wa damu yake anasimama kusema hakufanya.

Mimi nilikuwa mke. Rafiki yangu alikuwa mume, ana chupa ya maji kiunoni. Akaaga. Kwenye kile tulichoandika nilitakiwa kumpa chakula na kumuaga. Lakini uwanja ulikuwa umepoa, watu wanapepea. Nikaupiga mkeka makofi mawili, nikalegeza jicho:

"Mume wangu, vita havikimbii. Njoo kwanza mkekani."

Uwanja ulilipuka. Mkuu wa shule alijificha nyuma ya ratiba. Nilipoona vile nikaongeza, na nikaongeza tena. Mume akatoka anayumba, anafunga shuka, paa, akaanguka. Nikajishika kichwa, "Mwiko! Kumbe kweli kulikuwa na mwiko!" Na jina nikalitaja, jina lake kamili na la ukoo. Hapa silitaji. Nimeshalitaja vya kutosha.

Walipokuwa bado wanapiga makofi bibi alipanda jukwaani taratibu. Akaukung'uta mkeka vumbi, akaukunja.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Nimemaliza."

Akaubeba, akaenda zake.

Nyumbani nilipiga hodi yetu. Nikamwambia, "Mke mwenza, leo umenionea wivu, eh?"

Akasema, "Karibu chakula, mwanangu."

Mwanangu! Hakuwahi kuniita hivyo. Nikatania tena, akanijibu kwa adabu. Kesho yake vilevile. Aliniuliza habari za masomo kama anavyomuuliza mtoto wa jirani. Nawaambia, ningepigwa fimbo ningeshukuru.

Watoto wa njiani wakaokota ule msemo. Bibi akipita kwenda kisimani, wanapiga kofi, "Njoo kwanza mkekani!" Mteja mmoja wa Ikwiriri aliyetaka mkeka wa harusi ya binti yake akauliza huku anacheka kama ni "ule wa mwiko". Bibi akamwambia haupo. Hakusuka tena. Ramadhani ikaja, msikitini hakupeleka kitu.

Na mimi nilikuwa nasubiri. Nilidhani siku moja ataamka anitukane na yatakuwa yamekwisha. Kusema nisamehe bila mzaha sikujua inasemwaje.

Alipougua, asubuhi moja nilikuwa nampepea. Akasema, "Kwenye igizo ulimfanya anacheka."

"Nani?"

"Bibi yangu. Mimi nimekaa naye. Hakuwa mtu wa kucheka."

Hapo ndipo pa kusema. Nikasema, "Lilikuwa igizo tu, bibi."

Akaitikia, "Haya," akageukia ukutani. Alifariki wiki ileile, Ijumaa.

Mama mdogo aliushusha ule mkeka darini. Upande bado wazi, mstari mweupe haujashonwa. Akauliza nani anaweza kuumalizia, na wote wakanitazama, maana bibi alikuwa amewaambia ni mimi. Sijui hata kuanza ukili. Mtu akatumwa dukani. Bibi yangu, aliyefunika sakafu za nusu ya bonde hili, alibebwa juu ya mkeka wa plastiki wenye maua ya waridi.

Kwetu mjukuu humtania bibi hata msibani, ili watu wapumue. Binamu zangu wakanisukuma, "Wewe ndiye fundi, sema kitu." Nikachukua ndoo, nikaenda kisimani.

Nimeomba kusema paredini shuleni na nimesema kweli, kwamba yule mwanamke hakufanya chochote na hadithi niliiharibu mimi. Mmoja nyuma alipiga kofi la mkekani, wachache wakacheka. Ndiyo hivyo. Nilichosema kwa dakika kumi nitakifuta kwa miaka. Sasa jirani ananifundisha kusuka. Mstari mweupe nimeufumua mara tatu, unakwenda upande. Ukinyooka, mkeka nitaupeleka msikitini.

Wewe mwenye bibi mtani, mtanie humo ndani mpaka mchoke. Lakini alichokunong'oneza usikitoe mlangoni kutafutia makofi. Na ukikosea, omba radhi siku hiyohiyo, hata kama sauti inakutoka vibaya.

Mimi nikitoka shule bado napiga hodi. Hodi mke mwenza. Halafu naenda kuosha sufuria bila kutumwa.