Ng'ombe wa Watu

Ofisi niliyokuwa nikifanyia kazi ilipofunga milango, mshahara ukakatika, tukabaki tunaishi kwa maziwa. Mama alikuwa na ng'ombe mmoja kule kilimani, nje kidogo ya Bukavu. Kila asubuhi nilipanda kutoka mtaani kwetu Cimpunda, nikachukua bidoni la maziwa, nikateremka nalo mpaka sokoni Nyawera. Maziwa yakikosa mnunuzi, jiko haliwaki. Watoto wangu walishajifunza kutouliza tutakula nini.

Nasema mama "alikuwa na" ng'ombe, lakini mwenyewe angenikatiza. Ng'ombe yule aliwekwa kwake na rafiki wa marehemu baba, mzee mmoja wa Minova. Kwetu Bushi ndivyo tufanyavyo: mwenye mali anakupa ng'ombe umtunze, wewe unakunywa maziwa, ndama mnagawana, ila ng'ombe anabaki wake. Mtunzaji hasemi "ng'ombe wangu" hata kwa utani. Ni aibu, karibu sawa na wizi. Mzee huyo alikuwa amekimbia vita na simu yake haikupatikana tena, lakini mama hakulegeza uzi.

Ndipo ikaja habari kwamba serikali inatoa ruzuku kwa wafugaji wa maziwa: chakula cha ng'ombe, dawa na pesa kidogo. Homa ya kupe ilikuwa imeanza kuua mifugo mlimani, na dawa sikuwa na uwezo wa kuinunua. Nikamwandaa mama kama mtoto anayekwenda kwenye mtihani.

"Maman, bakiuliza, sema iko yako. Basi."

Akaendelea kukamua. Nikadhani amekubali. Mjinga mimi.

Afisa alikuja kwa pikipiki, mtu wa adabu, akavua kofia kabla ya kuingia uani.

"Maman, hii ngombe iko yako?"

"Hapana, papa. Iko ya mutu. Miye nachunga tu."

"Mwenyewe iko wapi?"

"Alikimbia. Atarudia."

Nikadakia: "Papa, usimusikilize. Amezeeka, anasahau."

"Sisahau kitu," mama akasema, bila hata kunitazama.

Afisa akaeleza, kwa sauti ya kuomba radhi, kwamba ruzuku ni ya wenye ng'ombe. Akaenda kwa jirani. Niliona mifuko ikishushwa kule, nikalia kwa hasira. Nikamwambia mama kwamba uaminifu wake haupikiki, na kwamba wajukuu wake hawawezi kuutafuna. Alikwenda kukata majani.

Homa ilifika kwetu na kwa jirani wiki ileile. Ng'ombe wa jirani akachomwa sindano za ruzuku. Wetu tukammwagia maji, tukamwekea majani mabichi mdomoni, akayaacha yadondoke. Mchinjaji akapanda kutoka mjini akitaka kumnunua angali amesimama. Nilimpigia mama magoti, kweli, kwenye matope ya zizi. Akasema mtunzaji hachinji bila mwenyewe kujua. Siku hiyo nilimchukia mama yangu. Sijui neno jingine.

Ng'ombe akafa. Mama akaagiza achunwe, ngozi ikaushwe, ili mzee akirudi aonyeshwe kwamba hakuuzwa kwa siri. Hata ngozi ile, ambayo ingetulisha siku mbili tatu, hakuniruhusu niiguse.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta ameketi mlangoni pa zizi, mikono imekaa bure mapajani. Saa ya kukamua ilikuwa imefika. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Kama ningesema iko yangu, ingepona?"

Nilikuwa na maneno ya kumaliza wiki nzima, yote makali, na yote ya kweli.

"Hapana, maman," nikasema. "Ingekufa tu."

Akatikisa kichwa polepole. Ng'ambo ya ua, ng'ombe wa jirani alikuwa anakula majani, na sote wawili tulikuwa tunamwona.