Herufi Zilizoshuka kama Mvua

Juzi dukani Bondeni, nikisubiri kuchapiwa tangazo, nilicheka mpaka nikasahau usipa, vidagaa vya ziwani, niliouanika juani.

Binti kutoka Ngonga alikuwa akijaribiwa kazi ya uchapaji. Programu ya mazoezi ilidondosha herufi kwenye skrini, naye azibonyeze kabla hazijafika chini. Kwenye kompyuta ya zamani zilishuka taratibu. Kwenye hii mpya zilimwagika kama mvua ya Aprili. Binti akapiga vidole, akapiga viganja, mwisho akapiga kelele.

"Hizo ni herufi, si ndege wa mpunga!" mwenye duka akafoka.

"Afadhali ndege, baba. Wale hutua kwanza."

Mzee mwenye duka akaketi mwenyewe. Hakupata hata moja. Akajishika kichwa.

"Lo! Aliyeniuzia mashine hii kule Karonga alinionya. Programu kuukuu hukimbia mno ndani ya mashine mpya, mpaka ubonyeze hiki cha kupunguza kasi."

Akabonyeza kitufe kwenye boksi la kompyuta. Herufi zikashuka kistaarabu, binti akazikamata zote.

"Kesho uje kazini," mzee akasema bila kumtazama.

"Ndaga, asante sana, baba!"

Nikauliza kama kitufe kile kinauzwa peke yake. Mimi nami ni programu ya zamani, na nyumbani nina watoto wanne, wote mashine mpya.