Volkswagen ya Sista Chelimo

Rebeccah Chelimo alinunua gari mwaka 1989 kutoka kwa mhasibu wa shamba moja la chai, Mwingereza aliyekuwa akifungasha virago kurudi kwao. Lilikuwa Volkswagen lenye mgongo wa kobe, rangi ya maziwa, umri wake miaka kumi na minane. Mlango wa kushoto haukufunguka mpaka uusukume kwa goti. Chelimo alikuwa muuguzi wa zahanati upande wa Kapsoit, mwanamke wa Kikipsigis wa miaka thelathini na minne asiye na mume, aliyerudi kuishi na baba yake baada ya mama kufariki.

Siku aliyolifikisha nyumbani majirani walijaa uani, na kila mmoja alikuwa na la kusema. Mmoja alikumbuka jinsi magari hayo yalivyoshinda mbio za magari za Safari zamani, yakipita kwenye tope lililokuwa limemeza magari makubwa. Mwingine alisema halinywi maji, linapoozwa na upepo tu. Mwalimu wa shule ya msingi alifungua boneti ya mbele akitafuta injini, akakuta nafasi tupu na tairi la akiba, watu wakacheka mpaka machozi. Chelimo naye alicheka. Kisha akaingia, akawasha, ili baba yake aliyekuwa ndani asikie.

Mzee Chepyegon alitokea mlango wa nyuma. Alipita zizi la ng'ombe bila kugeuka, akaingia kwenye chai, akateremka kilima mpaka hakuonekana tena.

Hakuwahi kupanda gari hilo. Jumapili alitembea kwenda kanisani, hata mvua ikinyesha, na binti yake akampita polepole, dirisha wazi, akimsihi, mzee akitazama mbele kana kwamba barabara ni yake peke yake. Chelimo akiwasha gari asubuhi, mzee alikuwa ameshaondoka uani. Wapo waliosema ni kiburi cha mzee kubebwa na mtoto wa kike. Wengine walisema binti amejilipia mahari mwenyewe, sasa baba hana la kujivunia. Chelimo alisikia yote hayo na yalimuuma, lakini hakuuliza. Baba yake alikuwa mtu wa kuheshimiwa kutoka Kapsoit mpaka Sigowet, mwamuzi wa kesi za mipaka na ng'ombe, na neno lake likishasemwa lilikuwa limesemwa. Watu walijua tu kwamba alikuwa amekwenda vita vya Wazungu, akakaa Misri na Libya miaka minne akichimba barabara na makaburi. Habari hizo hakuzizungumza.

Aliyelitunza gari alikuwa Ojwang, fundi wa mitambo katika kiwanda cha chai, Mjaluo wa Nyakach, ambaye aliishi kwenye nyumba za wafanyakazi na mkewe Dorcus na binti yao mdogo, Akeyo. Alikuja Jumamosi moja moja na sanduku lake la spana, akalala chini ya injini akiimba nyimbo za kanisa. Mzee Chepyegon alimpenda. Injini ikiwa imezimwa alimletea mursik, maziwa ya mgando, kwenye kibuyu, wakakaa kuzungumza habari za ng'ombe. Ikiwashwa, mzee huyo kaondoka.

"Sista," Ojwang alimwambia siku moja akipangusa mikono, "unajua gari hili lilianza vipi?"

"Nitajuaje?"

"Mwalimu wetu wa karakana kule Kisumu alitufundisha. Mtawala wa Wajerumani, yule wa vita, aliwaahidi wafanyakazi gari la bei yao. Kila wiki unanunua stempu unabandika kwa kitabu. Kitabu kijae, upewe gari. Watu wakabandika, wengine mpaka wakamaliza. Halafu vita vikaja, kiwanda kikageuzwa, kikatengeneza magari ya jeshi. Injini ni hii hii. Wenye vitabu hawakupewa hata gurudumu."

"Na sasa dunia nzima inayapenda."

"Vita vilipoisha Waingereza walikuta kiwanda kimebomolewa na mabomu, wakakiwasha tena. Sasa daktari anaendesha, padri anaendesha, wewe unaendesha. Gari halina kosa, Sista. Ni watu."

Chelimo alitazama upande wa zizi. Baba yake alikuwa amesimama nyuma ya ukuta wa mabanzi, na bila shaka alikuwa amesikia kila neno. Aliokota ndoo yake akaenda.

Mwaka 1992 ulianza vibaya. Siasa za vyama vingi zilikuwa zimeingia, na sokoni watu waliouziana nyanya miaka ishirini walianza kuulizana kwao ni wapi. Mwezi wa tatu moshi ulionekana upande wa Sondu. Zahanati ilipokea watu wenye mishale mwilini, Wakipsigis na Wajaluo, na Chelimo aliwalaza vyumba tofauti ili wasimaliziane humo ndani. Mwezi wa nne nyumba za wafanyakazi zilichomwa. Alfajiri iliyofuata Ojwang, Dorcus na Akeyo walitokea nyuma ya zizi, wamelowa umande, wametambaa ndani ya chai usiku kucha. Dorcus alikuwa na kiatu kimoja.

Mzee Chepyegon aliwapa kitanda chake. Yeye alilala jikoni kwenye ngozi. Siku ya pili vijana kumi na wawili walikuja uani na mapanga wakauliza kama kuna wageni. Mzee alisimama mlangoni na fimbo, akawataja mmoja mmoja kwa majina ya baba zao, akawauliza ni nani aliyewafundisha kuingia boma la mtu bila kubisha. Waliinamisha macho. Lakini mkubwa wao alipogeuka kuondoka alisema, "Tutarudi kesho, mzee. Na kesho hatutakuwa sisi peke yetu."

Kituo cha polisi kilisema hakina gari. Barabara kubwa ya kwenda Ahero ilikuwa imefungwa. Ilibaki njia ya Sigowet, kilomita thelathini za tope mpaka Sondu, kwenye mpaka wa Ujaluo, na Chelimo alijua kuna kizuizi kimoja tu huko. Walipanga kutoka saa nne asubuhi, mvua ikianza, maana mvua huwafukuza wengine wakajikinge. Ojwang alijikunja sakafuni nyuma, akafunikwa blanketi na magunia. Dorcus akakaa kiti cha nyuma, miguu juu ya magunia, mtoto mapajani, kichwa chake mwenyewe kimefungwa bandeji kama mgonjwa. Chelimo akamfuata baba yake.

"Baba, twende. Keti mbele na mimi. Wakikuona hakuna atakayefungua mlango."

Mzee alikuwa tayari amevaa koti lake zito. Alikuja mpaka kwenye gari. Chelimo aliusukuma mlango kwa goti, ukafunguka, na injini ilikuwa inanguruma ule mngurumo wake mkavu wa kukohoa. Mzee aliweka mkono juu ya mlango. Chelimo aliona jasho linamtoka kwenye paji la uso katika baridi ile.

"Baba."

Aliutoa mkono.

"Nendeni," alisema. "Mimi mguu unaniuma."

"Mguu? Baba, hawa watu watakufa!"

"Mguu unaniuma," alisema tena, akatazama chini kama mtoto.

Chini ya magunia Ojwang alisema kwa sauti ya upole, "Muache mzee, Sista. Twende tu."

Wakaenda.

Kizuizi kilikuwa mbele kidogo ya Sigowet, magogo mawili ya mkaratusi na mawe. Vijana walikuwa thelathini hivi, wengine na pinde, wengine wamejifunika plastiki. Walimtambua. Mmoja wao alikuwa ametibiwa homa ya mapafu na Chelimo mwaka uliopita.

"Sista, shikamoo. Unaenda wapi?"

"Hospitali. Nina mgonjwa na mtoto."

"Mzee yuko wapi?"

"Yuko nyumbani."

Kijana alijikuna shingo, akaonekana anasikitika kweli. "Mzee angekuwa kwa gari tungefungua tu. Lakini tumeambiwa tuangalie kila gari."

Walizunguka nyuma, wakafungua, wakakuta injini. Wakacheka kidogo, kama walivyocheka majirani. Kisha mmoja akafungua mbele. Humo mlikuwa na mfuko wa nguo, na chini yake sanduku la spana ambalo Ojwang alikataa kuliacha, kwa sababu alisema fundi akifika kwao mikono mitupu atakula nini.

"Sista, hizi ni zako?"

Kabla Chelimo hajajibu, magunia yalisogea nyuma yake, na Ojwang akainuka mwenyewe, mikono juu.

"Ni zangu," alisema. "Nilijificha humu Sista akiwa ndani anachukua dawa. Hakujua. Na huyu mama mgonjwa simjui."

Alitoka akipita juu ya magoti ya mkewe bila kumtazama. Akeyo alianza kusema, "Baba—" na mama yake akamziba mdomo, akamkandamiza kifuani kana kwamba anamnyonyesha, mtoto wa miaka minne.

"Pita, Sista," kijana wa homa ya mapafu alisema. Hakumtazama usoni. "Pita haraka."

Magogo yalisogezwa. Gari liliwaka mara moja, kama lilivyowaka siku zote mikononi mwa Ojwang, na Chelimo akaendesha. Kwenye kioo aliwaona wamemzunguka, kisha mvua ikafunika kioo. Hakupunguza mwendo mpaka Sondu. Huko, watu wa kwao walipomshusha Dorcus, alimshukuru Chelimo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu aliyepewa lifti ya kwenda sokoni. Kisha akaketi kwenye tope.

Mwili wa Ojwang ulipatikana siku ya tatu kwenye shamba la mahindi. Chelimo ndiye aliyekwenda kuutambua, maana Dorcus asingeweza kupita. Alirudi nyumbani jioni akamkuta baba yake zizini, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, ng'ombe hawajakamuliwa.

"Wamemuua," alisema. "Waliniuliza uko wapi. Waliniambia ungekuwepo wangetuacha tupite. Nataka ujue hivyo, Baba. Nataka ujue kila siku."

Mzee akaanza kusimulia habari za vita, na ilikuwa mara ya kwanza.

"Kule Libya tulikuwa na mtu anaitwa Amolo. Mjaluo. Tulilala hema moja, nikamfundisha Kipsigis, akanifundisha kusoma. Wajerumani walikuwa wanarudi nyuma, wanaacha vitu njiani. Siku moja tukakuta gari lao dogo, la wazi, limeachwa pembeni. Sajenti akaniambia mimi, nenda ulisogeze. Niliogopa. Tulikuwa tumesikia wanafunga mabomu ndani. Nikasema mguu unaniuma."

Chelimo aliketi chini kwenye majani.

"Amolo akasema, mimi nitaenda, siku zote nilitaka kukaa ndani ya moja. Akaliwasha, likanguruma, akanipungia mkono. Halafu likalipuka." Alijipangusa uso kwa kiganja. "Mguu haukuwa unauma. Mlio wa gari lako ni ule ule, Chelimo. Ni ule ule kabisa. Siku ile mlangoni nilitaka kuingia. Niliuambia mguu uingie. Nilisikia mdomo wangu unasema maneno yale yale, nikashindwa kuuzuia."

Chelimo alitaka kumkumbatia, na alitaka kumpiga. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alichukua ndoo nyingine akaanza kukamua, kwa sababu ng'ombe walikuwa wanalia.

Tangu hapo Mzee Chepyegon hakukaa tena kwenye kesi. Wazee walikuja mara mbili kumwita, akawaambia watafute mwenye kustahili. Wale vijana wa kizuizi walipita njiani wakamsalimu, naye hakuitikia. Hakuna aliyeshtakiwa. Kijana wa homa ya mapafu alikuja zahanati na kidonda mwezi wa saba. Chelimo akamsafisha, akamfunga, akamwambia asirudi tena kwake.

Mwezi wa tisa barabara zilipotulia, mzee alikuja asubuhi moja akasimama kando ya gari, amevaa koti. "Nipeleke kwa yule mama," alisema. Iliwachukua karibu nusu saa. Aliingia, akatoka akatapika, akaingia tena. Njia nzima alishika dashibodi kwa mikono miwili, macho amefumba, na Chelimo akaendesha polepole.

Boma la watu wa Ojwang lilikuwa kwenye uwanda chini ya mlima, kaburi limejengewa saruji mbele ya nyumba. Dorcus alitoka akiwa amenyolewa nywele kama mjane. Alimkumbatia Chelimo. Akamwangalia mzee.

Mzee Chepyegon alikuwa amefanya mazoezi ya kuomba radhi kwa Kiswahili, Chelimo alimsikia akiyarudia zizini wiki nzima. Sasa alianza, akakwama sentensi ya kwanza.

"Mzee," Dorcus alisema, "ulitupatia kitanda chako. Hilo nalikumbuka. Na hilo lingine pia nalikumbuka. Sijui nifanye nini na yote mawili."

"Hata mimi sijui, mama."

"Basi keti. Jua ni kali."

Aliwaletea viti na chai, na hakuketi nao. Mama yake Ojwang hakutoka ndani kabisa. Sauti yake ilisikika dirishani akiuliza kwa Kijaluo wageni ni nani, na hakuna aliyemjibu. Akeyo alikuja akasimama mbali kidogo, kidole mdomoni, akilitazama gari.

Walipoaga, Dorcus alimwomba Chelimo asije tena mwaka ule. "Labda baadaye," alisema. "Nitakutumia neno."

Neno halikuja. Mzee Chepyegon alikufa mwaka 1996, kifua kikimbana, hospitalini Longisa, ambako alikubali kupelekwa kwa gari la jirani, si kwa lile la binti yake. Chelimo aliandika barua kwenda Nyakach kumjulisha Dorcus. Alingoja jibu kwa miezi, kisha akaacha kungoja, akaendelea na kazi ya zahanati.