Rotary ya Barisa niliinyamazisha kwa mikono yangu, na bado wivu haujaniisha

Wakuu, salamu kutoka Garsen, huku ambako joto linaamka kabla yetu.

Nina kisa cha kuwapa. Ni kweli tupu, na ushahidi wake ni kwamba mimi sishindi. Ningekuwa natunga, ningejipa kombe.

Naitwa Komora. Ni fundi wa exhaust, yaani mabomba ya moshi wa gari, na wa kuchomelea vyuma hapa Garsen. Pia ni dereva wa drift, yale mashindano ya kupitisha gari kwenye kona likiteleza ubavu mbele ya majaji, ingawa hilo la pili watu wengi hapa mjini hawalikumbuki, kwa sababu ya mtu mmoja anaitwa Barisa.

Barisa nimesoma naye. Kwao ni wafugaji, Waorma. Kwetu ni wakulima, Wapokomo, na mama yangu ana shamba la mahindi upande wa Idsowe.

Hatuna ugomvi. Tunasalimiana, tunazikana. Shida yangu na Barisa ni moja tu: ana gari la rotary.

Kwa wasiojua, injini ya rotary haina pistoni za kupanda na kushuka. Ndani kuna kitu cha pembe tatu kinazunguka tu. Haina valvu, kwa hiyo moshi unatoka kwa kishindo, wa moto sana, na petroli nyingine inatoka haijaungua. Ndiyo maana kelele yake haifanani na gari lolote, na dereva akiachia pedeli ghafla bomba linatema moto.

Likisimama linasema bra-bra-bra-bra. Likikanyagwa linalia mpaka meno yanawasha.

Mji mzima ulilipenda lile gari. Mama wa chai anaacha maziwa yafurike. Mwalimu wa madrasa anasimamisha somo mpaka lipite.

Mimi nina saloon ya silinda sita. Nimeijenga mwenyewe, kila weld ni yangu. Nikipita nayo mjini watu wananipungia mkono wakiuliza kama naenda Hola na nafasi ipo.

Lakini yote hayo ningeyameza. Kilichoniuma ni mama yangu mzazi. Rotary ikipita anatoka nje na mwiko mkononi, anachungulia mpaka vumbi litulie. Mimi nikifika na langu ananiambia nisikanyage mpunga wake alioanika.

Sasa nilijitafutia dawa. Dawa yenyewe ilikuwa maneno mawili: kelele tu.

Nilimwambia kila aliyekaa kijiweni. Barisa hajui kuendesha, ni kelele tu. Mashabiki wanapagawa na moto, majaji wanapagawa na mlio, mkiondoa hayo hamna kitu pale. Alinishinda mara ya kwanza nikasema hivyo. Akanishinda tena, nikasema hivyo kwa sauti kubwa zaidi.

Basi ikatokea siku ya ng'ombe.

Uwanja wetu wa drift ni ardhi tambarare nje ya mji, upande wa Idsowe, udongo ule ukikauka unakuwa mgumu kama sakafu. Ila karibu yake kuna malka, ile njia ya ng'ombe kuteremkia mtoni kunywa maji. Barisa alikuwa anatoka kwenye kona, akaachia pedeli, bomba likapasua PAA na ulimi wa moto juu.

Kundi lililokuwa linateremka likatimka. Ng'ombe wenyewe ni wa ami yake Barisa. Na shamba walilovamia ni la mama yangu.

Wakuu, kama wewe si mtu wa Mto Tana huwezi kuelewa kwa nini kila dereva alizima gari pale pale. Huku kwetu ng'ombe akiingia shambani hakuna anayecheka. Kati ya wakulima na wafugaji, tumeshaona mambo kama hayo yakiishia kwenye mazishi.

Tunashukuru Mungu wazee wa pande zote mbili walikaa siku ile ile na chifu, wakayamaliza. Lakini walitoa sharti: magari yanyamaze, au mtafute uwanja kwingine.

(Mama? Mama aliinua mahindi yaliyolala, akafuta jasho, akaniuliza kama Barisa hakuumia.)

Kamati ya mashindano ikatunga sheria. Kila gari lipimwe kwa mita ya kelele, kabla ya kukimbia na baada ya kila raundi. Mita iwekwe nusu mita kutoka mdomo wa bomba. Kikomo desibeli mia. Na bomba lolote likitoa moto, hata cheche, dereva anaondoka uwanjani, maana majani yamekauka.

Mnaona sheria hizo zilimlenga nani? Nilizisoma mara nyingi kuliko barua yoyote ya mapenzi niliyowahi kupata.

Nikaongeza na yangu. Kwenye group ya madereva niliandika ujumbe mrefu: injini za kawaida zipimwe kwa rpm, mizunguko ya injini kwa dakika, elfu nne na mia tano, lakini rotary ipimwe kwa elfu sita, kwa sababu kazi yake inaifanyia huko juu. Kiufundi nilikuwa sahihi, na hata leo nitabishana na yeyote. Ila sitawadanganya, sikuandika kwa ajili ya ufundi.

Kamati ikakubali. Barisa akaweka kidole gumba tu. Siku hiyo nilinunulia kijiwe kizima mahamri.

Na safari hii zawadi ilikuwa kubwa. Mshindi mmoja tu anaenda fainali Nairobi, gari linabebwa kwa lori mpaka huko. Nafasi moja. Nilikuwa nalala nayo na kuamka nayo.

Siku chache baadaye nasikia bra-bra-bra-bra nje ya karakana yangu. Barisa. Akashuka, akakaa juu ya ringi kuukuu.

"Fundi, hii gari nyamazisha."

Nikamwambia kuna mafundi Malindi, kuna Mombasa, wana vifaa vizuri.

"Iko," akasema. "Lakini kushinda wewe hakuna. Mimi najua kazi yako. Na ile ng'ombe ikikimbia tena ni aibu yangu, na ni shamba ya mama yetu."

Mama yetu. Hapo nilitaka kumpiga na spana.

Lakini nikaikubali kazi. Wengine mtasema nilikuwa na roho nzuri. Hapana. Nilitaka kuwa mtu wa kwanza kuisikia ikiwa bubu.

Sasa hapa nisimame kidogo kwa mafundi wenzangu.

Silensa ya kawaida ukiifunga kwenye rotary haikai. Ule moto unakula pamba ya ndani, raundi mbili tatu imebaki kopo tupu, na kelele inarudi mbaya kuliko mwanzo. Inabidi bomba la matundu lizungushiwe steel wool, nyuzi laini za chuma, kwanza, kisha ndiyo pamba ya glasi nje. Na silensa moja haitoshi. Unaweka resoneta, kopo la kufifisha mlio, karibu na injini, silensa katikati, na nyingine nyuma, zote za stenlesi.

Maana yake, ningetaka kummaliza Barisa, ningeruka steel wool tu. Angepita kipimo cha asubuhi anacheka. Baada ya raundi ya pili angepimwa, angefukuzwa uwanjani, na hakuna ambaye angejua.

Nililiwaza hilo. Nililiwaza nikiwa nimeshika mkasi na pamba mkononi.

Kilichonizuia ni ramani ya pale uwanjani. Pamba ikiungua, kelele inarudi. Kelele ikirudi, ng'ombe wanatimka. Ng'ombe wakitimka, najua shamba watakaloingia. Wivu wangu una mpaka, na mpaka wenyewe ni mahindi ya mama.

Basi nikafanya kazi safi. Stenlesi nilikata kwenye tangi kuukuu la maziwa, weld zikatoka nyororo. Siku ya kuwasha, Barisa akazungusha ufunguo, na lile jini la mji mzima likaanza kulia kama cherehani.

Cherehani, wakuu!

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Barisa naye akacheka, hajui nacheka nini. Nikasema moyoni, kwisha habari yake. Sasa watamwona alivyo.

Siku ikafika. Watu walijaa kuliko mara zote. Mama naye alikuja, amesimama na wenzake ukingoni mwa shamba, fimbo mkononi, kulinda mahindi. Ami yake Barisa alisimama upande wa malka na vijana wake, kulinda ng'ombe.

Kipimo kikaanza. Rotary ikapandishwa mpaka elfu sita, marshal, msimamizi wa uwanja, akasoma mita, akaigonga, akasoma tena. Ilikuwa chini kabisa ya kikomo. Akauliza nani kafunga hii silensa. Nilijibu mimi, na nilijisikia vizuri kwa muda mfupi sana.

Likaja langu. Tisini na tisa.

"Umepona," akasema marshal.

Barisa akaitwa. Aliingia uwanjani kimya kimya na watu wakaguna. Nilisikia kabisa mtu nyuma yangu akisema, "Ah, imekufa hii." Sijawahi kusikia wimbo mtamu kama ule.

Halafu akavunja kona ya kwanza.

Sijui niwaeleze vipi. Zamani gari lile likiingia kona masikio yako yanajaa, huoni kitu. Safari hii hakukuwa na kitu cha kusikia isipokuwa magurudumu yakikwaruza udongo, kwa hiyo tuliangalia. Sote tuliangalia. Gari limelala pembeni, usukani umegeuzwa upande wa pili, nyuma inapita sentimita chache kutoka kwenye pipa la alama ya kona, pipa halitikisiki. Pipa la pili hivyo hivyo. La tatu hivyo hivyo. Akabadilisha upande katikati ya uwanja bila kupunguza mwendo, vumbi likachora mstari mmoja safi kama umepimwa kwa kamba.

Ng'ombe walikuwa wanateremka malka wakati ule ule. Hakuna hata mmoja aliyeinua kichwa.

Yule mtu aliyesema imekufa akasema taratibu, "Kumbe huyu jamaa anaendesha hivi?"

Kisha uwanja ukalipuka. Na katikati ya makelele yale nikasikia kigelegele kutoka upande wa shambani, kigelegele ninachokijua tangu nikiwa mtoto.

Nilikaa ndani ya gari langu nimeshika usukani. Nilikuwa namwambia kila mtu ni kelele tu, na sasa kelele nilikuwa nimeitoa mimi, kwa weld zangu, na mtu bado yupo pale pale juu. Hata kitu cha kusingizia sikuwa nacho tena.

Zamu yangu ikafika. Nilikimbia kwa hasira, nikakanyaga kila nilichokuwa nacho. Nikagusa pipa moja. Nikamaliza wa pili.

Baada ya kutangazwa nilienda kumsalimia mama. Alinishika mkono, akaniangalia kwa huruma, maana mama ni mama.

"Umejitahidi, mwanangu," akasema. "Lakini hiyo yako, kelele tu."

Nilitafuta pa kuangalia nikakosa. Nikaangalia mahindi. Yalikuwa yamesimama yote.

Jioni Barisa akaja karakana. Nilidhani anakuja kuringa, na ningefurahi aringe, ingenirahisishia mambo. Akaniambia fainali Nairobi wanapima kelele pia, na hataki mtu mwingine aguse ile exhaust. Twende wote.

Nikamwambia nitafikiria. Nilikuwa nimeshakubali kabla hajamaliza kusema.

Kwa hiyo wakuu, wiki ijayo napanda lori moja na gari nililotaka lishindwe, nikiwa nimebeba steel wool ya akiba. Mama ameshatufungia samaki wa kukaanga. Kifurushi cha Barisa ni kikubwa kuliko changu. Nimepima kwa mkono.

Nilichojifunza: ukimwonea mtu wivu, kiache kile unachodhani ndicho kinambeba. Ukikiondoa utamwona yeye mwenyewe, na hapo ndipo wivu unapoanza kuuma kweli kweli.

Waliopitia kitu kama hiki waseme walivyotoka, mimi bado nimo ndani. Wa kunicheka nichekeni. Na kama kuna fundi humu anajua namna ya kushusha kelele ya silinda sita bila kupoteza nguvu, aandike hapa hapa chini, nasoma kila comment.

Mama asijue nimeuliza.